Tani ya Hewa na Tani Hewa

Mkaa, makaa, ukaa: shina moja, sura tatu. Mkaa ni ule wa magunia unaouzwa kando ya barabara kuu. Makaa ya mawe ni yale yanayochimbwa Ngaka, mkoani Ruvuma. Ukaa ndio kiini cha vyote viwili, kitu kile ambacho wanakemia hukiita kaboni. Kikiungua hushikana na oksijeni, ikawa hewa ukaa. Aliyelitunga jina hili alifanya kazi ya kupigiwa mfano: alichukua neno la jikoni, akalipa kiambishi u-, na hata mtoto wa shule ya msingi akaelewa kwamba hii ni hewa yenye asili ya mkaa. Warumi walipita njia hiyohiyo. Neno lao *carbo*, lililozaa "kaboni", maana yake ni mkaa.

Vitabu vya shule vimezoea kabonidayoksaidi, na wapo wanaosema gesi ya kaboni. Mimi nashika hewa ukaa, na sababu yangu kubwa ni kitenzi kinachosikika ndani yake. Mwanaisimu atanikumbusha kwamba kaa la moto na kukaa kitako ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu, na atakuwa sahihi. Lakini sikio la msemaji halisubiri kamusi. Likisikia "ukaa" husikia kitu kinachokaa, na kwa bahati njema ndivyo hewa hii ilivyo: ikishapanda, sehemu yake hukaa angani kwa karne nyingi, na sehemu nyingine kwa maelfu ya miaka. Anayetaka kuisimamia kazi ya kuishusha atakutana na kitenzi hicho kila hatua. Itakaa wapi? Itakaa muda gani? Nani atakaa akiilinda?

Jina ninaloomba liachwe ni hewa chafu. Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Tunaitoa puani kila tunapopumua, na muhogo shambani huitumia kujitengenezea chakula. Tatizo lake ni wingi. Mwaka 1958, Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, katika kila molekuli milioni moja za hewa kavu zilikuwamo kama 315 za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Kabla ya zama za viwanda zilikuwa karibu 280. Sasa mwanakijiji akiambiwa kuna mradi wa "kuondoa hewa chafu", hufikiria moshi wa daladala na harufu ya jalala, akatazamia kwamba mradi ukimalizika atavuta pumzi safi zaidi. Haitakuwa hivyo, maana hewa ukaa huchanganyika dunia nzima, na tani iliyoondolewa Kwale, pwani ya Kenya, hupunguza mzigo wa wote kwa pamoja bila kuibadili hewa ya Kwale. Mtu huyo amepotoshwa na jina kabla hajasaini chochote.

Kuna tofauti nyingine ya majina inayoonekana ndogo, nayo ina bei. Atomu ya kaboni ina uzito wa 12. Molekuli ya hewa ukaa ina 44, kwa sababu imeongeza oksijeni mbili. Kwa hiyo tani 1 ya kaboni iliyomo ndani ya mti ilitokana na tani 3.67 za hewa ukaa. Soko huuza tani za hewa ukaa, wapimaji wa misitu mara nyingi huandika tani za kaboni, na katika mazungumzo yetu zote mbili huitwa "kaboni" tu. Mkataba ukisema "kwa kila tani ya kaboni" bila kufafanua, kisha bei ikawekwa ile ya tani ya hewa ukaa, mwenye msitu anaweza kupoteza zaidi ya theluthi mbili ya haki yake. Hakuna hakimu atakayemrudishia, maana neno aliliona na akaliwekea sahihi.

Nayataja haya kwa sababu kazi yenyewe ya kuishusha hewa ukaa imeshaanza. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lile linalojulikana kwa kifupi IPCC, liliandika katika ripoti yake ya 2022 kwamba kuondoa hewa ukaa angani hakuepukiki ikiwa dunia itataka kufikia urari kati ya kinachotolewa na kinachoondolewa, kwa kuwa yapo matumizi ambayo ni vigumu kuyamaliza kabisa: ndege za safari ndefu, saruji, kilimo. Uchomaji wa mafuta, gesi na makaa ya mawe peke yake hutoa takriban tani bilioni 37 kwa mwaka. Kinachoondolewa kwa mkono wa binadamu ni kama tani bilioni 2, karibu zote kwa njia ya misitu na ardhi. Njia mpya, za mitambo na mawe na mkaa wa kuzikwa, zikijumlishwa hazijafika hata tani milioni 2. Pengo ni kubwa na fedha zimeanza kulikimbilia, na pale fedha zinapokimbilia, sheria huwa nyuma, na istilahi nyuma zaidi.

Tuanze na kitenzi, maana ndicho kinachobeba mkataba.

Istilahi inayoenea ni uondoaji wa hewa ukaa. Naikubali, kwa sharti kwamba tusiisahau sarufi yake. Anayeondoa huondoa kitu mahali na kukipeleka mahali pengine. Takataka zilizofagiliwa chini ya mkeka hazijaondolewa. Fasili ya IPCC inadai mambo yaleyale: pawe na kazi ya binadamu, hewa ukaa itoke angani, na ihifadhiwe kwa muda mrefu katika miamba, ardhi, bahari au bidhaa. Likikosekana moja, neno lingine litafutwe.

Na maneno mengine tunayo, tatizo ni kwamba tunayamwaga yote katika kapu moja. Kunasa, kwa mfano. Kiwanda cha saruji kinachonasa hewa ukaa ndani ya bomba lake la moshi kimezuia isipande. Ukaa uliomo angani haujapungua hata chembe. Mtambo unaovuta hewa ya kawaida kwa mafeni na kuichuja ukaa wake umeanza kuupunguza ule wa angani. Kitenzi ni kimoja, kazi ni mbili, na njia ya kuzitofautisha ni kutaja mahali: kunasa bombani, kunasa angani. Kampuni ya Octavia Carbon ya Nairobi inanasa angani, ikijaribu mitambo yake katika Bonde la Ufa, upande wa Gilgil, ambako joto la ardhini linapatikana na miamba ya basalti ipo ya kuihifadhia hewa hiyo. Kazi ya namna hiyo inahitaji nishati nyingi kwa sababu inachambua molekuli 420 kutoka katika milioni. Ndiyo maana wenye mitambo huufuata mvuke wa ardhini, Kenya kama huko Iceland.

Halafu kuna kuvuna. Nimelisikia sana, "kuvuna hewa ukaa", na halinifurahishi. Katika milima ya Ntakata, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinalipwa kwa kulinda msitu usikatwe. Katika bonde la Yaeda, Wahadzabe wamekuwa wakipata malipo ya aina hiyo kwa ardhi yao kwa zaidi ya muongo mmoja. Ni kazi ninayoiheshimu kwa moyo wote. Msitu uliosimama una maji, asali, wanyama na makaburi ya wazee. Lakini hati ya kaboni inayouzwa pale inahesabu miti ambayo ingekatwa na haikukatwa. Hiyo ni kuzuia. Mwenye kiwanda Ulaya akinunua hati ya kuzuia na kutangaza kwamba "ameondoa" tani zake, amesema uongo, na kitenzi "kuvuna" kimemsaidia kuusema, kwa sababu kinafunika kuzuia na kuondoa kwa blanketi moja.

Kufyonza nakuweka peke yake. Bahari hufyonza takriban robo ya hewa ukaa tunayoitoa, bila mkataba wala mshahara. Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi wa 1992 uliweka neno moja kwa kila mchakato, shughuli au utaratibu unaozitoa gesi joto kutoka angani, uwe wa maumbile au wa watu. Kwa Kiswahili tunaweza kuwa makini zaidi: mti hufyonza, mtu huondoa. Nchi yenye msitu mkubwa wa asili isijipatie sifa ya kuondoa kwa kazi ambayo msitu ungeifanya hata kama serikali isingekuwapo. Ikipanda, ikirudisha, ikitunza zaidi ya ilivyokuwa, hapo imefanya kitu cha kuandikwa.

Pwani yetu ina kitu kinacholifundisha suala hili vizuri kuliko mchoro wowote wa ripoti, nacho ni chokaa. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, tanuri likawashwa likawaka usiku kucha. Jiwe likipata moto huo hutoa hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, likabaki chokaa. Chokaa ikitiwa maji na kupigwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ukaa kutoka angani, taratibu, mwaka baada ya mwaka, hadi inageuka kuwa jiwe kwa mara ya pili. Hivyo ndivyo kuta za Kilwa Kisiwani zilivyokaza, na za Lamu, na za Mji Mkongwe. Ukitazama ukuta peke yake utaapa kwamba ni mtambo wa kuondoa: unavuta ukaa angani, unaufunga ndani ya jiwe, na jiwe linadumu karne. Ukiutazama pamoja na tanuri, hesabu inageuka. Ukuta, hata ukivuta hadi mwisho wa uwezo wake, umerudisha kile jiwe lilichokitoa motoni, na bado magogo yaliyochomwa hayajahesabiwa. Haujapunguza kitu. Wanaotaka kupewa hati kwa sababu ya ukuta, na tanuri likaachwa nje ya daftari, wapo katika kila njia ya uondoaji, kuanzia mashamba ya miti hadi mitambo ya umeme. Kwa hiyo swali la kwanza la msimamizi liwe: tanuri liko wapi?

Hapo ndipo tunapohitaji neno kwa kile kinachobaki baada ya kutoa kilichotoka. Na hapa Kiswahili kimejikwaa. Lengo la dunia linatafsiriwa mara nyingi "sufuri halisi". Wahasibu wana haki ya neno hilo: mshahara halisi ni unaobaki baada ya makato, uzito halisi ni wa unga bila mfuko. Lakini kwa msikilizaji asiye mhasibu, halisi ni kweli tupu, kitu kisichoghushiwa. Akisikia sufuri halisi anaelewa sufuri ya kweli, yaani hakuna tena kinachotoka. Maana inayokusudiwa ni kinyume chake: kinachotoka kipo, na kingine cha kiasi hichohicho kinaondolewa. Kampuni inaweza kutangaza sufuri halisi huku mabomba yake yanafuka mchana kutwa, nasi tukaipigia makofi.

Mkataba wa Paris wa 2015, katika ibara yake ya 4, haukusema sufuri. Ulizungumzia urari kati ya kinachotolewa na kinachoondolewa, ufikiwe katika nusu ya pili ya karne hii. Urari ni neno tunalolimiliki kwa pande mbili. Tunao urari wa biashara katika kurasa za uchumi, na tunao urari wa vina na mizani, ambao kila mshairi anajua kwamba mshororo ukizidi silabi moja unasikika. Napendekeza tuseme sufuri ya urari, au urari wa ukaa, tuliache halisi kwa mishahara. Neno urari linamlazimisha msikilizaji aulize upande wa pili wa mizani una nini. Halisi humfanya aridhike.

Istilahi nyingine ninayoiombea mazishi ya haraka ni "mikopo ya kaboni". Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana ya mkopo na maana ya stahili iliyoandikwa upande wa mtu daftarini, akachagua maana isiyohusika. Mkopo hulipwa. Mama anayeambiwa kijiji chake kimepata mikopo ya kaboni ana haki ya kuogopa ng'ombe wake kunadiwa. Hati ya kaboni inatosha: karatasi, au siku hizi namba katika rejesta, inayoshuhudia kwamba tani moja imezuiwa au imeondolewa. Na iandikwe juu yake ipi kati ya hizo mbili.

Sasa tufike kwenye kukaa. Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, tangu 2013 upo mradi wa wanajamii uitwao Mikoko Pamoja. Unatunza hekta 117 za mikoko, na kila mwaka huuza hati za takriban tani 3,000 za hewa ukaa. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Hazina kubwa ya mikoko haiko kwenye majani. Iko katika tope, chini ya mizizi ya mkoko na mchu, mahali pasipo na oksijeni, ambako mabaki ya mimea huoza polepole mno na ukaa wake unaweza kukaa karne kwa karne ikiwa hakuna anayelifukua. "Ikiwa" hiyo ndiyo yote. Tope likichimbwa kwa mabwawa ya chumvi au ya kamba, hazina ya vizazi hupanda hewani ndani ya miaka michache.

Boriti ya mkoko nayo ina hadithi yake. Majahazi yalizibeba kutoka Lamu na Rufiji hadi Oman na Ghuba, zikaezeka nyumba za watu ambao hawakuwa na miti. Boriti iliyokaa darini miaka mia moja imeuweka ukaa wake miaka mia moja. Iliyooza baada ya kumi imeuachia baada ya kumi. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya 2024 kuhusu uondoaji wa kaboni, umezitenganisha hifadhi hizi kwa miaka: ya kudumu ni ile ya karne kadhaa, ya bidhaa kama mbao za ujenzi ni angalau miaka 35, na shughuli za kilimo cha kaboni zidumu angalau miaka 5. Mtu anaweza kubishana na namba. Miaka 5 kwangu ni kidogo mno kuitwa hifadhi ya chochote. Mwembe unaanza tu kuzaa. Lakini njia ya kutenganisha ni sahihi, na Kiswahili kina vitenzi vya kuibeba. Kuweka, kutunza, kuhifadhi, kufunga, kuzika: kila kimoja kina muda wake masikioni. Ukaa wa udongo wa shamba umewekwa. Wa msitu unatunzwa. Mkaa wa mimea unaotengenezwa kwa makusudi usichomwe, ukachanganywa na udongo, umezikwa, na sehemu yake kubwa haitarudi upesi. Na ule unaoyeyushwa katika maji na kusukumwa ndani ya basalti umefungwa: huko Iceland, majaribio ya Carbfix yaliyotangazwa 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 yake iligeuka kuwa madini ndani ya miaka miwili. Aliyepika maharage kwa magadi ameshika mkononi ukaa wa namna hiyo, uliokwisha kuwa jiwe.

Kwa hiyo neno "kudumu" likitumiwa katika mkataba bila namba ya miaka, lifutwe. Kudumu kwa mwanasheria ni muda wa mkataba, kwa mfugaji ni uhai wake na wa mwanawe, kwa mwamba ni zaidi ya hesabu zetu.

Bahari ilitupa somo kali juu ya vitenzi. Mwaka 2012, mashua moja ilimwaga takriban tani 100 za vumbi lenye chuma katika Pasifiki, magharibi ya visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, kwa nia iliyotajwa ya kuchochea mimea midogo ya majini, kurudisha samaki na kufyonza hewa ukaa. Je, huko ni kutupa au kuweka? Swali linaonekana la kifundi, lakini Mkataba wa London wa 1972 unakataza kutupa, na unaruhusu kuweka kitu baharini kwa lengo lisilo la kukitupa tu, mradi lisipingane na makusudi ya mkataba. Aliyemwaga chuma anaweza kudai ameweka. Nchi wanachama walikuwa wamekwisha kuona hatari hiyo 2008, wakakubaliana kwamba kurutubisha bahari kusiruhusiwe isipokuwa kwa utafiti wa kweli, na mwaka 2013 wakapitisha marekebisho ya itifaki yake, ambayo yanasubiri kuridhiwa na nchi za kutosha ili yapate nguvu. Tofauti ya vitenzi viwili imekula miaka mingi ya kazi za wanasheria.

Nairobi nayo iliona jina pana likizamisha azimio. Machi 2019, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, Uswisi na washirika wake waliomba tathmini ya kimataifa ya kile kilichoitwa uhandisi wa tabianchi. Ndani ya jina hilo mlikuwamo mambo mawili yasiyo na undugu wa karibu: kuondoa hewa ukaa, na kupunguza mwanga wa jua unaoifikia dunia. Marekani na Saudia zilikuwa miongoni mwa waliopinga, na kuwekwa kwa mambo hayo mawili kapu moja kulikuwa moja ya mabishano. Azimio likaondolewa mezani. Mwaka 2024 Uswisi ilirudi hapohapo na suala la jua peke yake, likakwama tena. Nadhani hata sisi waandishi tunapaswa kujiepusha na jina hilo pana. Linamtisha anayefaa kutulia na kumtuliza anayefaa kutishika.

Nimeliacha mwisho neno lililo jepesi kuliko yote, hewa. Kiswahili kimelipa kazi ya pili ambayo lugha jirani zitaionea wivu. Mwaka 2016, serikali ya Tanzania ilipokagua orodha za mishahara, maelfu ya wafanyakazi hewa waliondolewa: majina yaliyokuwa yakilipwa pasipo mtu. Tuna wanafunzi hewa, miradi hewa, risiti hewa. Hewa ikikaa nyuma ya nomino bila a-unganifu, inaifuta nomino ile. Kwa hiyo tani ya hewa ni kitu cha kweli, kina uzito na kinapimika, na tani hewa ni wizi. Silabi moja, "ya", ndiyo inayozitenga, na kazi nzima ya usimamizi wa uondoaji ni kuilinda silabi hiyo.

Tani hewa huzaliwa kwa njia nyingi. Huzaliwa msitu unapotajwa kuwa hatarini kuliko ulivyokuwa, ili uokozi wake uonekane mkubwa. Huzaliwa tanuri linapoachwa nje ya daftari. Huzaliwa tani moja inapoandikwa Kenya kama mafanikio ya Kenya na kuandikwa tena katika nchi ya mnunuzi kama yake. Ndiyo sababu ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris inamtaka muuzaji aifute kwake aliyoiuza. Na huzaliwa mti unapoungua mwaka wa saba wakati hati yake imekwisha kutumika na mnunuzi amekwisha kujitangaza msafi.

Kwa kazi ya kuzuia hayo naliona neno usimamizi kuwa zuri kuliko utawala na kuliko udhibiti. Utawala unamtaka mtawala. Udhibiti unashika shingo, na unahitajika pia, lakini hauendi mbali. Kusimamia ni kusimama kwa ajili ya kitu, na tunalo tayari katika mirathi: msimamizi wa mirathi huwajibika kwa mali ya mtu aliyeondoka, mbele ya warithi ambao wengine bado watoto. Ukaa uliozikwa leo utahitaji mtu wa namna hiyo baada ya kampuni iliyouzika kufilisika na waliotia saini kufariki. Sheria nyingi bado haziko wazi kuhusu nani atakuwa huyo.

Kenya imepiga hatua. Sheria yake ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, iliyorekebishwa 2023, inadai makubaliano ya maendeleo ya jamii kwa miradi ya ardhi ya jamii na ya umma, inaweka rejesta ya taifa ya kaboni, na inataka mradi wa ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na usio wa ardhi asilimia 25. Kanuni za masoko ya kaboni zikafuata 2024. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini humo. Basi hakuna udhuru wa mkataba wa miaka 30 juu ya ardhi ya kijiji kuletwa kwa Kiingereza, na mkutano mkuu wa kijiji kusomewa muhtasari wa dakika kumi wenye "mikopo" na "mavuno".

BAKITA na BAKIZA, mabaraza yetu ya Kiswahili, wanaweza kuketi na wanamisitu, wanakemia na wanasheria wakatoa orodha fupi ya istilahi za ukaa, yenye fasili zinazobana, kabla ya kila mradi kujitungia yake. Wahariri tunaweza kuanza bila kusubiri: kuzuia tukuite kuzuia, kuondoa tukuite kuondoa. Na serikali ya kijiji ikiletewa mkataba, iulize kitenzi ni kipi, tani ni ya nini, itakaa miaka mingapi, na nani ataisimamia aliyeileta akiondoka. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili ndani ya mkataba wenyewe, kabla ya mtu yeyote kutia saini.